Tamko Kuhusu Siri ya Unasihi na Vikundi vya Kusaidiana kwa Waraibu wa Pombe na Dawa za Kulevya

Sisi, watu tuliopata nafuu kutokana na uraibu, pamoja na ndugu wa waraibu na wanasihi wanaowahudumia, Tanzania Bara na Zanzibar, tunatoa tamko hili kupitia Umoja wetu kwa umma, kwa mamlaka za Serikali zote mbili, kwa waajiri na kwa viongozi wa dini.

1. Umoja unaanza kwa kutambua yaliyokwisha kufanyika. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kusini mwa Sahara kutoa dawa hiyo katika hospitali ya umma. Mwananyamala na Temeke zikafuata, kisha mikoa mingine ikiwamo Mbeya, Mwanza na Dodoma. Zanzibar huduma ikawekwa Kidongo Chekundu. Mwaka 2015 ikatungwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyounda Mamlaka inayoshughulikia biashara haramu ya dawa hizo na pia kinga na tiba. Aliyeyajua maskani ya waraibu huko Kinondoni miaka ya mwanzo ya 2000, mateja wakichomwa moto na wananchi kwa wizi wa kandambili na sufuria, hawezi kuyabeza mabadiliko haya. Umoja hauyabezi.

2. Hata hivyo dawa ina mipaka yake. Mgonjwa hunywa methadoni kila siku mbele ya mhudumu, arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, hutulia, mwili hupumzika, naye hurudi nyumbani kabla ya saa sita mchana. Saa zilizobaki ni zake. Hakuna dawa inayomfundisha mtu namna ya kupita mtaa uleule aliokuwa akinunulia kete, au kupokea mshahara wa kwanza baada ya miaka, au kukaa msibani na ndugu aliowaibia. Kazi hiyo hufanywa na mnasihi, na zaidi hufanywa na kikundi.

3. Njia ya kikundi haikubuniwa na Umoja huu. Mwaka 1935, mjini Akron katika jimbo la Ohio, Marekani, walikutana watu wawili waliokuwa wameshindwa na pombe, mmoja wa biashara ya hisa, mwingine daktari wa upasuaji. Waligundua kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake pale ambapo hamsikilizi daktari, mke wala mchungaji. Hapo ndipo ilipoanzia Alcoholics Anonymous, na mwaka 1953 huko California ikazaliwa Narcotics Anonymous kwa watumiaji wa dawa za kulevya. Utaratibu wao ni mwepesi na umevuka lugha na dini nyingi: hakuna ada ya kujiunga, hakuna mkubwa, mtu hujulikana kwa jina lake la kwanza tu, na kinachosemwa katika duara hubaki katika duara. Vikundi vyetu vinafuata utaratibu huo. Mmoja anasema, wengine wananyamaza. Asiyetaka kusema hasemi. Aliyeteleza akarudia matumizi anarudi na kuketi kwenye kiti chake, wala hapigiwi hesabu ya makosa.

4. Umoja unaona pia kwamba pombe imesahauliwa katika mjadala wa taifa, labda kwa sababu inauzwa kihalali na wengi wanaotunga sera wanaifahamu kwa karibu. Kuanzia tarehe 1 Machi 2017 pombe za viroba zilipigwa marufuku Tanzania Bara, hatua iliyostahili kuungwa mkono. Lakini mnywaji hakupigwa marufuku kuwa mgonjwa. Alihamia kwenye chupa, na asiyemudu chupa akahamia kwenye gongo. Mraibu wa heroini leo ana kliniki yake inayojulikana, ilhali mraibu wa pombe ana kikundi, kama kipo mtaani kwake, na maombi ya mama yake.

5. Hapa Umoja unalazimika kusema jambo la kitabibu kwa uwazi, kwa kuwa linagharimu maisha. Mtu aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu akiachishwa ghafla anaweza, ndani ya siku 2 au 3, kupata degedege, kuona yasiyokuwapo, kuchanganyikiwa na kufa. Familia inayomfungia chumbani ili "akauke" inafanya kwa nia njema jambo la hatari. Mahali pake ni hospitali. Arosto ya heroini hutesa sana lakini ni nadra kuua. Kinachoua kwa heroini ni siku ya kurudi: aliyekaa miezi bila kutumia, gerezani au katika nyumba ya upataji nafuu, mwili wake umekwisha kusahau kipimo cha zamani, na akikirudia kipimo hicho mara moja anaweza kuacha kupumua. Kwa hiyo siku ya kutoka ndiyo siku ya kumpokea kwa kikundi, wala si siku ya kumwachia nauli na kumuaga mlangoni.

6. Hayo yote yanategemea mtu kukubali kuja. Wanachama wetu wameeleza mbele ya Umoja kwa nini wengi hawaji. Yupo aliyepoteza kazi baada ya mwajiri kuambiwa kwamba anahudhuria unasihi, ingawa kwa miaka yote ya ulevi wake mwajiri huyohuyo hakumuuliza kitu. Wapo waliosubiriwa njiani wakitoka kunywa dawa, wakapekuliwa kwa kuwa tu wametoka upande huo. Yupo dada aliyejikuta kwenye simu za majirani, akilia, katika picha za video zilizochukuliwa na watu waliodai kwamba wanatoa ushuhuda wa kuwatia moyo wengine. Umoja hautaji jina la mtu wala taasisi katika malalamiko haya, kwa kuwa lengo ni kanuni.

7. Wazee walisema mficha uchi hazai, na wahubiri wa kampeni nyingi wamempelekea mraibu methali hiyo kumtaka ajitokeze. Umoja unaikubali. Unaongeza tu kwamba aliyeitunga alimjua mkunga asiyetangaza sokoni aliyoyaona chumbani.

8. Kwa hiyo msimamo wa Umoja ni huu: kutafuta unasihi ni tiba, na neno alilolisema mtu akitafuta tiba halipaswi kugeuzwa kuwa ushahidi, barua ya kumfukuza kazi au burudani. Msimamo huu hauombi upendeleo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda utu wa kila mtu katika ibara ya 12, faragha katika ibara ya 16 na uhuru wa kukutana katika ibara ya 20, na hakuna ibara inayomtoa mraibu nje ya neno "kila mtu". Anayehesabu siku 9 bila kunywa ni raia kamili siku hizo 9, na alikuwa raia kamili siku ya kabla yake pia.

9. Umoja haudai siri isiyo na mpaka. Maisha ya mtu yakiwa hatarini, au mtoto akiwa anadhuriwa, mnasihi anawajibika kusema, na anawajibika kumweleza hivyo mteja wake tangu kikao cha kwanza. Wala Umoja hauombi muuza unga afichwe ndani ya vikundi. Atakayekuja kuuza kwenye mkutano wetu tutamtoa sisi wenyewe. Na kwa kuwa haki huanzia nyumbani, Umoja unatamka bila kumung'unya maneno kwamba nyumba ya upataji nafuu inayofunga watu minyororo, inayowachapa au inayowazuia kwa nguvu eti mpaka ndugu walipe deni, haifanyi tiba. Wasimamizi wa nyumba za namna hiyo wasitafute kivuli chini ya tamko hili. Ukaguzi wa nyumba hizo ufanyike, tena mara kwa mara na bila taarifa.

10. Umoja unaziomba mamlaka za afya ziwe na unasihi na vikundi vya pombe katika kila hospitali ya wilaya, hata kama ni chumba kimoja na jioni moja kwa wiki, na ziwatambue kwa posho ya haki waelimishaji rika ambao leo wanafanya kazi hiyo kwa nauli yao. Unaliomba Jeshi la Polisi litoe maelekezo ya wazi kwamba njia ya kwenda na kutoka kliniki si mahali pa kuviziana. Unawaomba waajiri wampe mfanyakazi anayetafuta tiba ruhusa ileile wanayompa anayeugua kifua kikuu. Viongozi wa dini, ambao kumbi zao zimetupokea mara nyingi bila malipo, wanaombwa waendelee kutupokea, na wamwachie mtu achague mwenyewe siku ya kutoa ushuhuda wake, akitaka.

11. Kwa upande wetu tumeazimia kwamba hakuna kikundi kitakachotunza orodha ya majina kamili ya wahudhuriaji. Simu za picha zitaachwa mlangoni. Ombi la jina kutoka kwa mwajiri, mwandishi wa habari, mfadhili au ndugu litajibiwa kwa heshima na litakataliwa. Amri ya mahakama itaheshimiwa, na itajibiwa mahakamani kwa msaada wa wakili.

12. Yeyote anayetaka kuacha, na hajui aanzie wapi, aende hospitali ya serikali iliyo karibu naye na aulize huduma ya afya ya akili. Kama anakunywa kila siku, asiache ghafla peke yake. Amwone mganga kwanza. Baada ya hapo aje kwenye kikundi, hata kama amekunywa asubuhi hiyo. Hataulizwa jina la baba yake.