Wachochea Moto si Wachochezi

Muhula uliopita darasa letu lilikwenda fildi. Basi lilipofika, mwenzetu mmoja alizunguka nyuma, akainama, akayaangalia matairi. Akarudi akasema moja ni kipara na yeye hapandi mpaka libadilishwe. Dereva akamjibu kwamba gari limekaguliwa, stika hiyo hapo kwenye kioo. Sisi tuliokwisha kaa tukaanza kelele: "Oya, panda twende, unatuchelewesha!" Kuna aliyesema anajifanya mjuaji. Mimi nilicheka. Yule bwana alibaki, akatufuata kesho yake kwa nauli yake mwenyewe. Sisi tulifika salama, na fildi nzima yeye ndiye akawa utani wetu.

Nimemkumbuka majuzi nikisoma habari za meli ya Olympic. Jamani, namdai msamaha.

Wengi wetu tunaijua Titanic. Olympic ilikuwa dada yake mkubwa. Zote mbili ziliundwa Belfast, kwenye karakana ya Harland and Wolff, kwa ajili ya kampuni ya White Star Line. Olympic ilianza safari yake ya kwanza ya abiria tarehe 14 Juni 1911, kutoka Southampton, Uingereza, kwenda New York. Urefu wake ulikuwa kama mita 269. Juu kulikuwa na kumbi za kulia, ngazi za mbao za kuchonga na bwawa la kuogelea. Chini kabisa kulikuwa na boila 29, na mbele ya matanuri yake walisimama wanaume wenye mabeleshi, wakilisha moto makaa ya mawe usiku na mchana kwa zamu. Abiria wa daraja la kwanza angeweza kuvuka Atlantiki bila kuona uso hata wa mmoja wao. Lakini wangeweka mabeleshi chini, meli isingesogea.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912 Titanic ikazama. Watu zaidi ya 1,500 walikufa. Mashua zake za kuokolea watu zilikuwa 20, zenye nafasi ya watu 1,178, na ndani ya meli walikuwamo kama 2,200. Hapa ndipo pa kutulia kidogo: kampuni haikuwa imevunja sheria. Kanuni za Uingereza za mwaka 1894 zilipanga idadi ya mashua kwa uzito wa meli, na daraja la juu kabisa lilikuwa la meli za tani 10,000 na kuendelea, ambazo zilitakiwa kuwa na mashua 16. Meli zikakua hadi tani 45,000 na zaidi, kanuni ikabaki palepale. Titanic ilikuwa na mashua nne zaidi ya zilizotakiwa. Kwa lugha ya dereva wetu, stika ilikuwa kwenye kioo.

Siku tisa baada ya msiba huo, Olympic ilikuwa Southampton ikijiandaa kuondoka kwenda New York. Kampuni, kwa haraka, ilikuwa imeiongezea mashua 40 za kukunja. Wachochea moto wakaziangalia. Hazikuwa mpya, zilitoka kwenye meli za kubebea askari, na wao walisema nyingine zimeoza na nyingine hazifunguki. Wakapeleka ombi kwa meneja wa kampuni: tuwekeeni mashua za mbao. Jibu likaja kwamba haiwezekani, na kwamba mkaguzi wa serikali ameshazipitisha. Watu 284 wakaacha kazi.

Tuwaelewe walikuwa nani. Wafanyakazi wengi wa Titanic walikuwa wakazi wa Southampton. Waliokufa walikuwa majirani na watu waliowahi kushika nao beleshi. Mitaa ya mji ule ilikuwa na matanga. Halafu mtu anakwambia usiwe na wasiwasi, mkaguzi amepita. Mkaguzi yupi? Titanic nayo ilikaguliwa.

Kesho yake, tarehe 25 Aprili, wawakilishi wa wagomaji waliitwa kushuhudia mashua nne zikijaribiwa majini. Moja ikaonekana haifai. Moja kati ya nne! Wawakilishi wakasema hiyo ikibadilishwa watawashauri wenzao warudi kazini. Lakini kampuni ilikuwa imeshaleta watu wengine wasio wanachama wa chama cha wafanyakazi ili wazibe pengo. Wagomaji wakataka hao waondolewe, kampuni ikakataa. Hapo mabaharia 54 nao wakashuka, wakisema hawawezi kusafiri na watu wasio na ujuzi, kwamba ni hatari. Safari ikafutwa. Wale 54 walipofika nchi kavu wakakamatwa kwa kosa la uasi.

Najua kuna atakayesema: unaona sasa, mwisho wa siku ulikuwa ugomvi wa chama, mashua zilikuwa kisingizio tu. Ni kweli kwamba madai yalibadilika njiani, na sitaki kuficha hilo. Lakini mashua ile moja haikuoza kwa sababu ya chama. Na mtu anayeshinda karibu na boila ana haki ya kuuliza aliyesimama pembeni yake anajua nini kuhusu boila. Mwenye dai la kweli anaweza kuwa na madai mengine pia, na hayo mengine hayalifuti la kwanza. Hila hii tunaijua hapa chuoni. Ukiuliza kuhusu maji ya bweni unaulizwa uko kambi ya mgombea gani.

Tarehe 4 Mei kesi iliamuliwa Portsmouth. Mahakimu walisema kosa limethibitika, kisha wakawaachia wote 54 bila kifungo wala faini, kwa kuzingatia mazingira ya pekee ya jambo lenyewe. Kampuni ikawarudisha kazini, na tarehe 15 Mei Olympic ikaondoka.

Yaliyofuata ndiyo hukumu ninayoiamini zaidi. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Olympic ilirudishwa Belfast. Ilipotoka mwaka 1913 ilikuwa na mashua 64 na ukuta wa pili ndani ya ubavu wake. Januari 1914 ukatiwa saini London mkataba wa kimataifa uliotaka kila aliyemo melini awe na nafasi kwenye mashua. Walichodai wachochea moto mwezi Aprili, wakubwa walikiandika wenyewe kabla ya miaka miwili kwisha.

Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana mno: mchochea moto na mchochezi. Wa kwanza anaendesha meli, wa pili anashtakiwa. Kazi yetu kama wanachama wa serikali ya wanafunzi ni kutokubali maneno hayo yabadilishwe kirahisi. Anayeuliza kwa nini mlango wa dharura umefungwa kwa kufuli hachochei chochote. Anauliza kuhusu mlango.

Narudi kwenye basi letu. Tulimcheka yule bwana kwa sababu tulifika salama, kana kwamba kufika kumethibitisha kwamba tairi lilikuwa zima. Kanuni ya mashua 16 nayo ilidumu miaka 18, na meli kubwa zilikuwa zikienda New York na kurudi. Kila safari iliyofika ilihesabiwa kuwa ushahidi kwamba mashua zinatosha. Zilikuwa hazitoshi siku zote hizo, ila hakuna aliyezihitaji.

Tofauti yake na wale wa Southampton ni idadi tu. Wao walikuwa 284, kisha 54. Watu 54 ukiwapeleka mahakamani, mji mzima unasikia. Yeye alikuwa peke yake na begi lake, na sisi darasa zima tulikuwa dirishani tukipiga kelele. Wangeshuka watano tu, nadhani tairi lingebadilishwa kabla jua halijawa kali.

Muhula huu fildi ipo tena. Nimeshamwambia: nikikuona unainama nyuma ya basi, nashuka.