Roboti zimefunzwa kuhisi mkono, mashine ya nyasi bado ni kipofu

Novemba 2023 huko Korea Kusini, fundi mmoja alikuwa anakagua roboti kwenye kituo cha kupakia pilipili hoho. Kazi ya roboti hiyo ilikuwa kuinua masanduku na kuyapanga. Ikamshika yeye na kumbana. Ripoti za huko zilisema haikumtofautisha na sanduku. Alifariki.

Utasema hiyo ni shida ya Wakorea, sisi Meru na Embu roboti tunazitoa wapi? Sawa, lakini ngoja kidogo. Kuanzia Githongo na Nkubu hadi Runyenjes, boma nyingi za ng'ombe wa maziwa zina mashine yenye tabia hiyo hiyo: ile ya kukata nyasi. Ukiilisha nepia, inakata. Ukiilisha mkono, inakata. Kwake yote ni nyasi.

Na si mzaha. Mapema 2018, madaktari wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta walifanya upasuaji wa masaa kadhaa kuunganisha tena mkono wa kijana uliokatwa na mashine kama hiyo. Ilikuwa habari ya nchi nzima kwa sababu mkono ukishaenda, kwa kawaida haurudi.

Sasa angalia watu wa roboti walifanya nini. Zamani dawa ilikuwa kizimba: roboti ndani, mtu nje. Viwanda vilipotaka wawili hao wafanye kazi meza moja, mashine ikabidi ifunzwe kuhisi. Roboti za Universal Robots ya Denmark, zilizoanza kuuzwa 2008, hupima nguvu kwenye viungo vyake. Zikigonga kitu ambacho hazikutarajia, zinasimama. Mwaka wa 2016, shirika la viwango duniani, ISO, lilitoa mwongozo wa nguvu inayoruhusiwa kugusa kila sehemu ya mwili, maana kinachovumilika begani hakivumiliki usoni.

Kuna pia msumeno wa Marekani, SawStop, unaopitisha umeme kidogo sana kwenye meno yake. Mwili hupitisha umeme kuliko mbao kavu, kwa hivyo kidole kikigusa, msumeno unasimama ndani ya milisekunde 5 hivi. Tuulete huku? Haitakuwa rahisi. Nepia mbichi imejaa maji, nayo inapitisha umeme. Mashine ingesimama kila mara, na mkulima angeng'oa hicho kihisi kabla wiki haijaisha.

Kwa hivyo naona tuazime wazo, si kifaa. Mkono kwa kawaida haujipeleki kwenye visu. Unavutwa na zile roli mbili zinazoingiza nyasi. Kuzima swichi pekee hakutoshi, maana gurudumu zito linaendelea kuzunguka kwa kasi iliyobaki. Roli ndizo za kusimamishwa. Weka fimbo mbele ya mdomo wa mashine, ili mtu akivutwa kifua au mkono wake uisukume, na roli ziachane na mota au zirudi nyuma. Halafu refusha na ufunike sanduku la kulishia, mkono usifike kwenye roli. Hapo hakuna kompyuta. Fundi wa jua kali pale Makutano akionyeshwa mchoro, anachomelea. Na wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Meru pale Nchiru wanaweza kuchora na kuijaribu.

Ati bei itapanda? Ndio, itapanda kidogo. Lakini mkono wa kijana wa kukamua ng'ombe ndio mshahara wake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sehemu hatari za mashine zizibwe, ila ni nani huja kukagua boma saa kumi na mbili jioni? Sheria ya fidia ya mwaka huo huo inamlinda mfanyakazi aliyeajiriwa. Mtoto wa mwenye boma, aliyetoka shule akasaidia kukata nyasi, hayumo. Ndiyo maana ukaguzi ufanyike mahali pesa zinapotoka: chama cha ushirika kikimkopesha mkulima mashine, au kaunti ikinunulia kikundi, masharti hayo yaandikwe kwenye karatasi ya zabuni.

Mei 2023 kule Kericho, mashine za kuchuma chai zilichomwa na watu wenye hofu ya kupoteza kazi. Hasira hiyo inaeleweka. Shida ni kwamba mjadala wetu wa mashine huishia hapo, kama itachukua kazi au la. Hizi ambazo tayari tunafanya nazo kazi, hatuziulizi kitu.

Basi ukienda kununua, muulize muuzaji swali moja tu: mkono ukivutwa, nasimamisha na nini? Akikuonyesha swichi iliyo ukutani, enda duka lingine.