Jino halingoji kibali

Mfanyabiashara wa Busia, Namanga au Mutukula anaijua hesabu hii bila kufundishwa. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, uliozalishwa ndani ya Jumuiya na uliomo kwenye orodha iliyokubaliwa, unavuka kwa cheti chepesi cha uasilia kinachogongwa mhuri palepale forodhani. Maharage yanavuka, vitunguu vinavuka. Daktari wa meno aliyehitimu Makerere na kusajiliwa Kampala hana cheti cha namna hiyo.

Lingekuwa jambo la wasomi na mabaraza yao kama jino lisingemuuma mtu wa soko. Anafika asubuhi kliniki binafsi ya mji wa mpakani, shavu limevimba, anaambiwa daktari wa mwezi uliopita ameondoka na mwenye kliniki atarudi Ijumaa. Kinachofuata kinajulikana: vidonge vya maumivu, kibanda kufungwa siku mbili, au mtu wa uchochoroni mwenye koleo ambalo halijachemshwa.

Wamiliki wa kliniki wana jibu moja: madaktari hawapatikani. Ni kweli nusu. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, kanda ya Afrika ina madaktari wa meno wasiofika wanne kwa kila watu 100,000, na vyuo vinavyowafundisha katika ukanda huu, kama Muhimbili, Nairobi, Makerere na Chuo Kikuu cha Rwanda, ni vya kuhesabika. Nusu ya pili wamiliki hawapendi kuisema. Wanaowapata hawakai.

Sababu iko kwenye malipo. Kliniki nyingi hazimpi daktari msaidizi mshahara kamili, bali asilimia. Mtu wa soko ataelewa upesi, kwa kuwa inafanana na mali kauli: mwenye kliniki anatoa kiti, mashine, ganzi na jina, daktari anatoa mikono, kinachoingia kinagawanywa. Mgao wenyewe si dhambi. Ugomvi unazuka pale inapoulizwa asilimia hiyo ni ya nini.

Chukulia mgonjwa anavishwa taji la jino kwa shilingi 20,000 za Kenya, na daktari ameahidiwa asilimia 40. Kichwani mwake ana 8,000. Mwisho wa mwezi anaonyeshwa kwamba maabara iliyotengeneza taji imelipwa 6,000, hivyo mgao ni wa 14,000 zilizobaki, na fungu lake ni 5,600. Kama mgonjwa alitumia bima ambayo haijalipa, hata hizo 5,600 anazisubiri. Hesabu zote mbili zinaweza kuwa za haki, mradi zilisemwa na kuandikwa siku ya kwanza. Mara nyingi hazikuandikwa. Muuza nguo hachukui robota la mitumba Malaba bila kujua usafiri unalipwa na nani, lakini mtu aliyekaa chuoni miaka mitano na zaidi anaanza kazi kwa kupeana mkono.

Halafu kuna kazi yenyewe. Daktari kijana aliyemaliza mafunzo kwa vitendo anataka kutibu mizizi ya meno, kuvika mataji, kupanga meno. Anapewa kung'oa. Kazi zenye fedha mwenye kliniki anabaki nazo. Mwaka hauishi, kijana amekodi chumba mtaa wa tatu, na wagonjwa wanamfuata. Hapo mmiliki anachomoa sharti la kumzuia kufungua karibu. Kumzuia kilomita chache kwa miezi michache kunaeleweka. Kumfungia kaunti nzima mtu ambaye hata mshahara wa kudumu hakupewa ni kumwonea.

Ndipo macho yanageukia ng'ambo ya mpaka. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na chini yake wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi, hata madaktari wa mifugo, walitiliana saini makubaliano ya kutambuana. Mabaraza ya madaktari yana utaratibu wao, wa kukagua vyuo kwa pamoja. Lakini kutambuliwa shahada hakumpi mtu ruhusa ya kuanza kazi kesho. Anahitaji usajili wa nchi anakokwenda, leseni yake, kisha kibali. Tanzania, chini ya sheria ya ajira za wageni ya 2015, inadai kibali cha kazi na cha ukaazi pia, na mwajiri aonyeshe jinsi ujuzi utakavyorithiwa na mzawa.

Mlolongo huo unazaa njia ya panya: daktari anavuka asubuhi kama mgeni na kurudi jioni, hajulikani na baraza lolote la upande anaofanyia kazi. Taya likivunjika, mgonjwa hana pa kushtakia. Asilimia ikikatwa, daktari naye hana. Kwa mmiliki asiyependa kuandika mkataba, huyo ndiye mwajiriwa anayefaa kuliko wote.

Kwa hiyo kulegeza vibali peke yake hakutoshi. Kungeongeza idadi ya wanaopunjwa. Mabaraza yangeweza kutoa leseni moja ya wilaya za mpakani, na kudai pamoja na maombi mkataba uliosainiwa, unaosema asilimia inatokana na fedha gani, maabara inalipwa na nani, na deni la bima linangojwa kwa muda gani. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka baina ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Utaratibu wa leseni hauwezi kuwa mgumu kuliko huo.

Wakati hilo likisubiriwa, mgonjwa anaweza kuomba namba ya usajili ya daktari kabla hajakaa kitini. Orodha ya waliosajiliwa Kenya inasomeka kwenye simu.