Kama unalipwa ili unishauri, uniambie kwanza

Wasikilizaji wapendwa, na ninyi mnaosoma hapa kwa sababu moto ulikatika wakati wa habari za jioni, leo sileti habari. Leo nina ugomvi, na mtu wa kwanza ninayegombana naye ni mimi mwenyewe.

Mwaka jana mama mmoja alinipigia simu. Alikimbia kijiji chake upande wa Eringeti, sasa anaishi Oicha katika familia iliyompokea, yeye na watoto na wajukuu. Hakukawia kwenye salamu. Aliniuliza: "Mwana yangu, ile sauti ku redio njo ya kwako, hapana?" Nikajibu, ndiyo mama, ni yangu. "Basi feza yangu iko wapi?"

Nitaeleza. Kampuni moja ilikuwa imenitafuta kwa WhatsApp. Walisema wanauza simu na taa za jua kwa intaneti na wanaleta mpaka Beni. Walinipa kode yenye jina langu (kode, si kodi ya serikali). Kazi yangu ilikuwa kuitaja mwishoni mwa kipindi: jiandikishe kwa kode hii, utapunguziwa bei. Kila mtu aliyejiandikisha na kuweka feza ya kwanza, mimi nilipata dola moja na nusu. Watu 25 walinisikiliza. Nilipokea dola 37 na nusu, nikalipa deni la dawa na kununua mega. Yule mama aliweka dola 20 kutoka kwa msaada aliopewa kwa simu. Taa haikuja. Namba ya kampuni haikuita tena.

Sikusema uongo hewani. Nilisema bei waliyonipa na kode waliyonipa. Lakini kuna jambo moja sikulisema: kwamba ninalipwa kwa kila kichwa. Na kuna jambo lingine sikulifanya: kushika hata taa moja kwa mkono wangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiangalia simu za watu. Kila grupu ya WhatsApp ya hapa kwetu, iwe ya kwaya, ya wazazi wa shule, ya watu waliotoka kijiji kimoja na wanaotafutana, ina mtu anayetupa linki. "Ndugu, fursa hiyo, bonyeza hapa." "Mama, mimi nimekwisha kulipwa, ingia chini yangu." Wanaita hiyo ushirika. Wengine wanaita biashara ya kisasa. Mimi nasema sehemu kubwa ya yale ninayoyaona ni wizi uliovaa shati safi, na sehemu inayobaki ni kazi halali inayofanywa vibaya.

Kazi yenyewe si mbaya, na si mgeni kwetu. Kampuni inakupa linki au kode. Mtu akinunua kwa kupita pale, mashine yao inajua ni wewe uliyemleta, inakukatia asilimia. Duka kubwa la Marekani, Amazon, lilianza kulipa watu namna hiyo mwaka 1996. Sisi tulikuwa nayo kabla ya intaneti. Komisioneri anayekutafutia nyumba ya kupanga Beni, anayemwonyesha mnunuzi kakao upande wa Mbau au Mangina, anayesimama mlangoni mwa depo Butembo na kukuambia "papa, ingia hapa bei ni nzuri", wote wanakula kwa njia hiyo. Hakuna anayewachukia. Kwa nini? Kwa sababu unamwona. Anasimama mbele yako, unajua anatafuta sehemu yake, unapunguza maneno yake nusu kabla ya kuyameza, na nyumba ikivuja unajua anapokunywa chai.

Linki haionyeshi uso huo. Inakuja kwa jina la shangazi yako, na wewe unafikiri shangazi anakupenda. Labda anakupenda. Lakini siku hiyo analipwa pia, na hakukuambia.

Huko Ufaransa walitunga sheria kwa ajili ya jambo hili tarehe 9 Juni 2023. Mtu mwenye wafuasi kwenye mitandao akilipwa ili asifu kitu, anapashwa kuandika wazi kwamba ni tangazo au ni ushirikiano wa biashara. Sheria hiyo inazungumzia pia mkataba wa maandishi, na inasema kampuni na msemaji wanaweza kubeba hasara ya mteja pamoja. Sisi pia tuna Kode ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, yaani kitabu cha sheria za mambo ya mitandao, ambacho kinagusa biashara ya intaneti. Lakini nani wa Oicha atasafiri kwenda kushtaki kwa ajili ya dola 20? Kwa hiyo tusingojee hakimu. Aibu ya jirani mbele ya majirani ingali na nguvu hapa.

Vijana watanijibu, na wamekwisha kunijibu: hakuna kazi, barabara za shamba zimefungwa na waasi, unataka tukule nini? Nawasikia. Mimi pia nilikula dola 37. Sisemi muache. Nasema mjue mnauza nini.

Kuna swali moja linalotenganisha kazi na mtego. Feza unayolipwa inatoka wapi? Kama inatoka kwa mteja aliyenunua sabuni, akapata sabuni na akafua nguo, hiyo ni komisheni. Kama inatoka kwa mtu mpya aliyelipa ili aingie, naye analipwa tu akileta wengine walipe ili waingie, hapo hakuna biashara. Fanya hesabu kwenye vumbi. Mtu mmoja analeta 5. Hao 5 kila mmoja analeta 5, ni 25. Kisha 125, 625, 3.125, 15.625. Ngazi ya 9 peke yake inahitaji watu 1.953.125. Tutawatoa wapi? Na wale wa ngazi ya mwisho siku zote ndio wengi kuliko wa juu wote ukiwajumlisha, na ndio waliolipa bila kupokea kitu.

Wazee wetu wanakumbuka Bindo Promotion ya Kinshasa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati nchi ingali Zaire. Watu waliweka akiba zao wakiahidiwa faida ya ajabu, na ikaanguka nazo. Na msidhani mtandao umebadilisha kitu. Marekani kulikuwa TelexFree. Walisema wanauza huduma ya kupiga simu kwa intaneti, na kwamba kazi ya mwanachama ni kuweka matangazo kwenye mitandao kila siku. Ilionekana kabisa kama kazi ya kutangaza. Lakini feza ilikuwa ya wapya. Ilianguka Aprili 2014, zaidi ya watu milioni moja duniani wakapoteza, na mmoja wa wakubwa wake akahukumiwa miaka 6 gerezani mwaka 2017.

Tena kuna kode za michezo ya kubahatisha. Hapo nitasema kwa sauti, hata kama kuna wenzangu wa redio watakaonuna. Katika mikataba mingi ya aina hiyo, anayetoa kode analipwa asilimia ya kile ambacho wachezaji wake wanapoteza. Soma tena. Rafiki yako akishinda, wewe hupati. Akipoteza ada ya mtoto, wewe unakula sehemu. Ndugu yangu mtangazaji, unayesema "tumia kode yangu, tutajirike pamoja", neno "pamoja" umelitoa wapi?

Lakini nisiwaonee vijana peke yao. Kampuni pia zinawanyonya. Kijana anashinda wiki nzima akituma linki kwa mega alizonunua mwenyewe, mwisho wa mwezi anaambiwa mauzo hayakuhesabiwa. Hata kwa wale wakubwa wanaojulikana, sheria ni yao. Kwa Amazon, mteja akibonyeza linki yako akangoja siku mbili ndipo anunue, mara nyingi wewe hupati kitu, maana hesabu yao inadumu saa 24. Na Aprili 2020, dunia ikiwa imefungwa kwa korona, walipunguza malipo kwa taarifa ya wiki moja hivi: vyombo vya nyumbani vilitoka asilimia 8 vikawa 3. Waliokuwa wanaishi kwa kazi hiyo hawakuulizwa. Kama jitu lenye jina linafanya hivyo, kampuni isiyo na mlango wala kibao itakufanyia nini?

Kwa hiyo kijana, kabla ya kukubali kode yoyote, dai karatasi. Iandikwe unalipwa kiasi gani, kwa kitu gani, siku gani, kwa namba gani, na mteja akirudisha kitu nani anabeba. Wakikuambia ulipe ili uanze kufanya kazi, ondoka. Mfanyakazi gani anamlipa bosi?

Nimeona inayofanywa vizuri. Dada mmoja wa mtaa wetu hapa Beni anauza taa za jua kwa ajili ya mfanyabiashara wa Butembo. Hana duka. Anatuma picha kwenye grupu, na chini ya kila picha anaandika: "Nikiuza hii napata dola moja." Mwanzoni watu walimcheka. Kisha wakaanza kumwamini kuliko wengine wote. Taa moja iko nyumbani kwake inawaka, uende uione. Mfanyabiashara hamlipi siku ya kuuza, anamlipa wiki mbili baadaye, kama taa bado inafanya kazi. Mara ya kwanza niliposikia hivyo nilidhani anamwonea. Dada akanieleza kwamba ni yeye mwenyewe aliyeomba, kwa sababu hataki kukutana na mteja sokoni na kuinamisha kichwa. Taa tatu zilirudi, zikabadilishwa. Mfanyabiashara alinung'unika lakini alibadilisha, maana alijua bila dada huyu hangeuza hata moja katika mtaa ule.

Huo ndio ushirika ninaoujua. Watu watatu wanaonana: mwenye mali, msemaji, mnunuzi. Kila mmoja anajua mwenzake anapata nini.

Sasa narudi kwa familia zilizokimbia, maana wao ndio wanaotafutwa zaidi na watu wa linki. Msaada ukipita kwa simu, habari inaenea siku hiyohiyo, na jioni ujumbe unaanza: zidisha feza yako, weka 20 upate 60. Mtu aliyepoteza shamba, mbuzi na nyumba kwa usiku mmoja anataka sana kuamini kwamba kitu kinaweza kurudi haraka. Na aliyemletea ujumbe mara nyingi ni mtu anayelala naye nyumba moja, au jirani wa kijiji kilekile. Feza ikipotea, hawagombani na kampuni. Wanagombana wao kwa wao. Nimefika katika nyumba moja ambapo waliopokewa waliondoka usiku, si kwa sababu ya risasi, ni kwa sababu ya linki.

Mama, papa, nawaomba muulize maswali mawili tu mtu yeyote anayewatumia fursa, hata kama ni mtoto wenu. Unapata ngapi nikiingia? Na kitu chenyewe kiko wapi nikishike? Akikasirika kwa kuulizwa, mmekwisha pata jibu.

Na sisi wa redio. Katika masomo ya uandishi wa habari tulifundishwa tamko la Munich la 1971, linalomkataza mwandishi wa habari kuchanganya kazi yake na ya mtangaza biashara. Tulinakili kwenye daftari, tukafaulu mtihani, kisha tukaja kwenye kazi tukakuta kupaje. Wote mnajua kupaje: bahasha anayopewa mwandishi baada ya mkutano ili habari ipite. Mshahara ni mdogo au haupo, na hilo ni kweli. Lakini kode ni kupaje mbaya zaidi. Bahasha inalipwa na mheshimiwa mwenye gari. Kode inalipwa na mama wa Oicha.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Nimemrudishia yule mama dola 20 kwa mara mbili, 10 na 10. Wengine 24 siwezi kuwarudishia yote waliyoweka, na sitawadanganya. Dola moja na nusu niliyoipata kwa kila mmoja ninairudisha, na mpaka leo wamekuja 9. Wengine bado nawangoja, wapite studioni na ujumbe wa malipo kwenye simu. Tangazo lolote litakalopita katika kipindi changu nitasema limelipwa na nani, kabla ya kulisoma, si baada. Mkurugenzi anaona nitafukuza wateja. Wawili wamekwisha ondoka.

Yule mama alipopokea 10 za mwisho aliniambia anaziweka mpaka siku ya soko, anunue mafuta ya taa.