Kalambo si maporomoko tu
Anayefika maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, hutazama maji yakianguka zaidi ya mita 200, hupiga picha, akaondoka. Tunamnyima lililo kubwa zaidi. Juu ya maporomoko hayo, kando ya mto huohuo, watafiti walifukua magogo mawili yaliyopandishwa moja juu ya jingine, la juu likiwa limechongwa mkato mpana wa kulishika lisiteleze. Mwaka 2023 walitangaza umri wake: miaka 476,000 hivi, kabla binadamu wa aina yetu hajatokea. Maji yaliyotuama ndiyo yaliyoyahifadhi yasioze. Wapo watakaosema magogo hayavuti watalii, na kwamba machimbo yako upande wa Zambia. Hoja ya kwanza ina ukweli kwa mgeni asiyesimuliwa. Lakini atakayetembea kingoni na mwongozaji anayejua habari hizi ana sababu ya kulala hapo, na fedha yake hubaki kijijini. Ya pili ndiyo hasa inayodai ushirikiano, kwa kuwa mto ni wetu sote. Serikali hizi mbili zichore njia moja ya matembezi, na vijana wa vijiji jirani wawe wa kwanza kufunzwa kuongoza wageni.