Mimi Ndiye Niliyeshika Simu

Siku dada yangu alipoolewa, mimi ndiye niliyeshika simu. Naanza na hilo ili asije mtu akadhani nasimulia ujinga wa wengine. Simu ilikuwa yangu, bando nilinunua mimi, na nilipewa kazi hiyo kwa sababu mimi ndiye msomi wa ukoo, mwanafunzi wa shahada ya uzamili ambaye inaaminika anakijua kila kitu kinachotumia chaji.

Tulikuwa Sikonge, uani kwa mama mkubwa, chini ya mwembe. Bwana harusi alikuwa Ohio. Kwetu ilikuwa saa kumi jioni, kwake asubuhi. Alivaa kanzu na kofia, na akatuomba tusichelewe maana zamu yake kazini ilikuwa inakaribia. Shehe akasoma hutuba. Ikafika pale ambapo wali na bwana harusi hushikana mikono. Wali alikuwa baba mdogo, kwa kuwa baba yake dada alishafariki. Akanyoosha mkono kwa mazoea, akasita, kisha akaugusa uso wa shemeji kwenye kioo. Sauti ikazimika. Nilihangaika dakika tatu kuirudisha, jasho likinitoka mbele ya wazee. Bwana harusi alisema "nimekubali" mara mbili, sisi tukasikia mara moja. Vigelegele vikapigwa. Mahari iliingia kwenye simu ya mama mkubwa kabla pilau halijaiva.

Hiyo ni miezi kumi na tisa iliyopita. Dada bado yuko Sikonge.

Nilipowasimulia wenzangu chuoni, walicheka: eti ndoa ya WhatsApp. Sikubaliani nao hata kidogo. Wanacheka kana kwamba ndoa ya mtu asiyekuwepo ilikuja na intaneti. Katika sira ya Mtume, Umm Habiba aliozwa akiwa Habash, mume yuko Madina, bahari na jangwa katikati. Anayesimuliwa kuwa alitoa mahari ni Najashi, mfalme wa huko, na baadaye ndiye aliyemsafirisha bibi harusi kwenda kwa mumewe. Tena mtu wa Tabora ndiye wa mwisho kustahili kushangaa. Mji wetu ulikua kwa sababu ya watu wasiokuwepo nyumbani. Mwaka 1857 Burton na Speke walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani hadi Kazeh, na wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakiikanyaga njia hiyo na meno ya ndovu mabegani, wengine wakirudi na nguo na shanga, wengine wasirudi kabisa. Watu wa safari lazima wawe na namna ya kufanya mambo ya nyumbani wakiwa mbali. Namna hiyo inaitwa wakala.

Asiyekuwepo humweka mtu aliyepo. Wakili hukaa mkekani, hushika mkono wa wali, husema nimemkubalia fulani bin fulani. Mambo yakiharibika, wakili ana nyumba, ana ndugu, ana jina lake mtaani. Unaweza kwenda kugonga mlango wake usiku na kumuuliza: yule mtu wako yuko wapi?

Video imetudanganya hapo. Kwa kuwa tunamuona aliye mbali, tunadhani yupo, na kwa kuwa yupo hatudai wakili. Shehe wetu aliuliza, namshukuru kwa hilo. Alisema, kwa nini asimweke mtu hapa? Bwana harusi akacheka kwa adabu: "Shehe, si mnaniona?" Nasi tukacheka. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililokaa Jeddah mwaka 1990 lilikubali mikataba inayofungwa kwa vyombo vya mawasiliano, lakini likaitoa ndoa, kwa sababu ya sharti la mashahidi. Wapo wanazuoni wenye rai tofauti, na mimi si mwanazuoni. Ila hata wanaoruhusu hawakusema wali asiulize maswali.

Baada ya harusi nikapewa kazi ya pili: nimtafutie dada njia ya viza. Nikafungua Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya Marekani ya mwaka 1952, kifungu cha 101(a)(35). Kinasema neno mke au mume halimhusu mtu aliyefunga ndoa ambayo wafunga ndoa hawakuwepo ana kwa ana, isipokuwa kama baada ya ndoa hiyo wamekutana kimwili. Baada. Kilichotangulia hakihesabiki. Na usidhani tatizo ni cheti cha Sikonge. Tangu 2020 ofisi ya karani wa Utah County, hukohuko Marekani, inafungisha ndoa kwa video na kutoa cheti halali. Aliyeoa kwa cheti hicho akiwa mbali na mkewe anakutana na kifungu hichohicho.

Nilikasirika, na nusu ya hasira hiyo bado ninayo. Kifungu kile kina babu yake. Sheria ya Uhamiaji ya 1924, iliyowafungia mlango watu wa Asia, ilitamka wazi kwamba ndoa ya wakala au ya picha haimfanyi mtu kuwa mke au mume. Waliolengwa walikuwa mabibi harusi wa Kijapani, waliokuwa wakichaguliwa kwa picha na kuozwa kwa wanaume waliohamia Marekani. Sheria ya 1952 ilichofanya ni kuongeza lile "isipokuwa". Ndiyo maana leo mwanamke wa Sikonge, aliyefundwa kwamba ya chumbani hayatoki nje, inabidi atunze tiketi za basi, risiti za nyumba ya wageni na picha za asubuhi, ili mgeni nyuma ya kioo aridhike kwamba amelala na mumewe.

Canada ni wakali zaidi. Tangu tarehe 11 Juni 2015, ndoa ya simu, ya intaneti au ya wakala haimpi mtu sifa ya kudhaminiwa kama mke au mume, ukiondoa nafuu waliyowekewa wanajeshi wao. Kukutana baadaye hakuiponyi ndoa ile. Mtarudi mkafunge nyingine mkiwa pamoja, au mtafute njia tofauti. Uingereza wanataka wenza wawe wamewahi kukutana ana kwa ana, halafu, tangu Aprili 2024, wanaomba viza kwa mara ya kwanza waonyeshe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Mwanamke mmoja, ndoa moja: huku ni mke, kule ni mchumba, pengine si chochote.

Hasira hiyo ilinifaa kwa miezi kama sita. Ilinipa wa kumlaumu aliye mbali, na kumlaumu aliye mbali ni raha, hakujibu. Kisha nikalirudia lile neno "isipokuwa" na kujiuliza linamdai nani. Halimdai dada. Dada hawezi kwenda Ohio. Kwenda ndicho anachoomba. Linamdai mwanamume mwenye pasipoti ya Marekani, aliyezaliwa Tabora mjini, ambaye viza ya kuingia Tanzania inamgharimu dola 100 na fomu ya mtandaoni. Sheria ile, pamoja na uchafu wa kuzaliwa kwake, inamuuliza swali moja ambalo baba mdogo alipaswa kumuuliza kabla ya hutuba: unakuja lini?

Najua wapo wasioweza. Mkongo aliyetoka kambi ya Nyarugusu akapelekwa Marekani, akamwacha mchumba kambini, hana akiba ya tiketi na siku za likizo anazihesabu kwa vidole. Aliyekimbia serikali yake hawezi kurudi kuoa mbele ya serikali hiyohiyo. Labda wakutane Nairobi au Kampala, kwa nauli ya kukopa. Kwa hao kifungu kile ni ukatili, na atakayewatetea aniite nikabebe bango. Lakini shemeji yangu si mkimbizi. Tangu ndoa amebadilisha gari. Picha alituma.

Na kabla hatujawacheka Wamarekani kwa kuhesabu vitanda, tufungue Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160: mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawaona mke na mume, sheria inadhania wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata kwetu, kukaa chini ya paa moja ni ushahidi. Tulilijua hilo siku zote. Tulichokosa ni ujasiri wa kulisema mbele ya mtu anayetuma pesa.

Maana tuseme ukweli. Hatukuuliza kwa sababu hela ya tumbaku mwaka ule ilichelewa, na ya shemeji haikuchelewa. Hatukuuliza kwa sababu "dada yetu anakwenda Marekani" ni sentensi tamu kuitamka stendi. Mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa nashughulika na mwanga: nilitaka uso wake uonekane vizuri. Nilikuwa na simu inayoweza kufungua sheria yoyote duniani, nikaitumia kama kioo.

Dada aliambiwa asianze mambo makubwa, safari iko karibu. Akauza cherehani. Akaachia fremu yake karibu na soko. Sasa anaitwa mke wa mtu wa Marekani, na mke wa mtu haposwi, hapangi, hahami. Nilipomweleza kifungu kile kwa Kiswahili, neno kwa neno, alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Mdogo wangu, hayo uliyajua siku ile?" Nikasema hapana. "Na yeye je?" Sikujibu. Yeye ameishi kule miaka kumi na miwili, na ndugu zake wawili walipita kwenye viza hizo.

Jambo jingine linanikosesha usingizi. Ndoa ilitaka wali, mahari, mashahidi na mtandao usiokatika. Siku shemeji akiamua kuacha, atapiga simu tu, na kwa neno lile hakuna atakayemwambia sauti haisikiki, rudia.

Wiki mbili zilizopita mjomba alinipigia. Kuna binti wa Ipole, wa ukoo wetu kwa mbali, ameposwa; kijana yuko Canada. Ndoa Jumamosi. "Uje na ile simu yako yenye kamera nzuri." Nikamuuliza kama wameshamwambia kijana aweke wakili. Nikamuuliza anakuja lini. Nikamweleza habari za Canada zote, tarehe na kila kitu, na kwamba cheti cha Jumamosi hakitamvusha yule binti. Mjomba ni msikivu, hakunikatiza. Nilipomaliza akasema nimesema vizuri, elimu ni kitu kikubwa.

"Basi," akasema, "acha niazime simu kwa mtu mwingine."