Tusiwasahau akina Barnaba wetu

Siku hizi makanisani huku Makamba anayesifiwa ni mwenye kipaza sauti. Anayemshika mkono mwenzake asianguke hatajwi hata kwenye matangazo. Kwa maoni yangu, hapo tunakosea.

Tukumbuke habari za Barnaba. Sauli alipofika Yerusalemu, wanafunzi walimwogopa, maana walijua alivyowatesa waumini. Barnaba ndiye aliyemchukua mpaka kwa mitume na kumdhamini. Baadaye akamfuata Tarso, akamleta Antiokia, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Wafanyabiashara wa Manyovu na Mugina wanalielewa jambo hili: mgeni hapewi mali kwa mkopo bila mtu wa kumsemea.

Sisi tuliosoma kambini Mtabila, iliyofungwa mwaka 2012, tulikuwa na akina Barnaba wetu. Namkumbuka katekista mmoja, fundi baiskeli, aliyepita nyumba kwa nyumba kuuliza nani hakufika shule na nani hakufika kusali. Hakulipwa kitu. Bila yeye wengi wetu tungeacha yote mawili.

Watu wa namna hiyo nao wamerudi. Baadhi yao wamekuta mashamba yao yanalimwa na wengine, na sasa ndio wanaohitaji kutiwa moyo. Wapo watakaosema thawabu yao iko mbinguni. Sawa, lakini njaa iko hapa. Halafu tunashangaa imani inapoa! Parokia na makanisa yatenge sehemu ya sadaka kwa ajili yao, na sisi wenye mishahara twende tukawaone kabla mvua hazijaanza.